Shule zikifungwa, damu itatoka wapi? (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini hakuna kiwanda kinachotengeneza damu, na kwa nini kila chupa inayotundikwa wodini imetoka kwenye mkono wa mtu. Leo tumtazame mtu huyo. Tangu huduma ya taifa ya damu salama ianzishwe nchini Tanzania mwaka 2004, mara nyingi amekuwa mwanafunzi wa sekondari au chuo. Watumishi wa damu salama huzifuata shule kwa sababu huko hukuta vijana wengi wenye afya, wako pamoja, na wako tayari kusikiliza.

Anayeruhusiwa ni mwenye miaka 18 na kuendelea, uzito usiopungua kilo 50. Kabla ya yote huulizwa maswali ya faragha kuhusu afya na mwenendo wake, kisha hutobolewa kidole. Njia moja ya kupima wekundu wa damu, ambayo imetumika kwa miaka mingi, ni kudondosha tone kwenye maji ya buluu yenye salfeti ya shaba. Tone likizama upesi, wekundu unatosha. Likielea, mwanafunzi hachangii siku hiyo. Anaelekezwa kwenye matibabu na kushauriwa ale maharage, dagaa na mboga za majani. Wasichana wengi hukwamia hapo, na jambo hilo linastahili makala yake. Aliyepita hulala au kuegemea kiti, mfuko ukajaa mililita 450 kwa dakika zisizozidi 10 au 15. Halafu hupewa juisi na biskuti, akapumzika kidogo kabla ya kurudi darasani.

Majimaji ya damu aliyotoa hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na madini ya chuma huchelewa zaidi, ndiyo maana mwanamume husubiri miezi mitatu na mwanamke minne kabla ya kuchangia tena.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye jokofu. Katika mifuko inayotumika sana, chembe nyekundu hudumu siku 35 tu. Damu iliyochangwa katikati ya Machi, hata shule nzima ikijipanga foleni, haifiki Mei. Na katika mikoa yenye mvua za masika, malaria huongezeka masika yanapokaribia kwisha na wiki zinazofuata. Wodi za watoto hupokea wagonjwa waliopauka viganja na ulimi, wanaohitaji damu saa hiyohiyo. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua naye hawezi kusubiri. Ndipo inapofika likizo ya Juni, na wachangiaji tuliowazoea wametawanyika kila mtu kwao. Mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, tuliona jinsi ilivyo hatari kuegemea mlango mmoja.

Zimbabwe walilifikiria jambo hili mapema. Mwaka 1989 walianzisha klabu ya vijana walioahidi kuchangia damu mara 25. Wakati ule UKIMWI ulikuwa unasambaa kwa kasi, na ahadi ile ilimtaka kijana achunge mwenendo wake ili damu yake iendelee kufaa. Mfano huo ukaenea Afrika Kusini na kwingineko, na mashirika ya Msalaba Mwekundu yakauchukua.

Nawaheshimu sana waliobuni ahadi hiyo, kwa sababu walielewa kwamba thamani ya mchangiaji iko katika kurudi. Kila damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini maambukizi mapya sana yanaweza yasionekane kwenye kipimo. Anayerudi mara kwa mara kwa hiari yake, akijua majibu yake na kujitunza, hupunguza hatari hiyo. Ndugu wa mgonjwa aliyeambiwa usiku alete watu wachangie yuko kwenye shinikizo kubwa, na anayeshinikizwa anaweza kuficha jambo.

Sisi tumekazana mno kuhesabu chupa za siku moja. Picha hupigwa, vyeti hutolewa, gari linaondoka, na hakuna anayemuuliza kijana atakuwa wapi baada ya miezi mitatu. Hapo mwanafunzi hana kosa, ametoa alichoombwa.

Mvulana aliyechangia katikati ya Machi atafaa kuchangia tena katikati ya Juni, akiwa nyumbani. Msichana wa wakati huohuo atafaa Julai. Kwa hiyo, kabla ya kufunga shule, mwalimu anayesimamia uchangiaji amwandikie kila mchangiaji mambo mawili kwenye kadi yake ya uchangiaji: tarehe anayoruhusiwa kurudi, na kituo cha kuchangia kilicho karibu na kwao. Kidato cha sita waandikiwe kwa uangalifu zaidi, maana wao hawatarudi shuleni hapo. Wiki ijayo tutaifuata chupa ya damu hadi maabara.