Taifa Stars na Chipolopolo: utani wa mpira unaowaunganisha majirani wa Tunduma na Nakonde

TUNDUMA, Songwe

Mchezo wa Tanzania na Zambia uliochezwa San Pédro, nchini Côte d'Ivoire, tarehe 21 Januari, 2024 ulianza saa mbili kamili usiku kwa saa za Tunduma. Hatua chache kutoka hapo, upande wa pili wa mpaka katika mji wa Nakonde, mchezo huohuo ulianza saa moja. Zambia hufuata majira ya Afrika ya Kati na Tanzania hufuata majira ya Afrika Mashariki, hivyo tofauti ni saa nzima. Ukiongeza kwamba mzungumzaji wa Kiswahili huhesabu saa tangu macheo, ilhali jirani yake anayehesabu kwa Kiingereza huiita saa hiyohiyo saba, utaona kwa nini katika miji hii miwili ahadi ya kukutana "mpira ukianza" ni ya uhakika kuliko ahadi ya kutaja saa.

Ndivyo ilivyo kwa mambo mengi ya mpaka huu. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na makao makuu yake yako Vwawa, lakini mji unaojulikana zaidi na wasafiri ni Tunduma. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapoingia Zambia, na hapo ndipo reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, inapoiacha ardhi ya Tanzania. Malori yanayobeba shaba kwenda Bandari ya Dar es Salaam hupita hapa, na yanayorudi na mafuta, mbolea na bidhaa za dukani hupita hapahapa. Tarehe 5 Oktoba, 2019 Hayati Rais John Magufuli na Hayati Rais Edgar Lungu, aliyekuwa Rais wa Zambia wakati huo, walizindua Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, ili dereva au mfanyabiashara akaguliwe na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili.

Mpaka wenyewe ni matokeo ya makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890. Waliokubaliana hawakuwauliza Wanyamwanga, ambao waliishi eneo hili kabla ya hapo na ambao hadi leo wako pande zote mbili. Mtu wa Tunduma anaweza kuwa na shangazi Nakonde, shamba la ukoo likawa upande mmoja na makaburi ya mababu upande mwingine. Sokoni shilingi na kwacha huzungumza lugha moja, na muuzaji anayejua Kiswahili, Kinyamwanga na Kibemba ana wateja wengi kuliko anayejua moja tu. Kwa hiyo timu za taifa za nchi hizi zinapopangwa kukutana, shabiki wa Tunduma hamwoni mpinzani wake kwenye televisheni peke yake. Anamjua kwa jina, amemuuzia mchele, na pengine anamdai.

Hapo ndipo utani unapoingia. Neno hili limezoeleka sana katika habari za michezo, hasa pale Simba na Yanga wanapoitwa watani wa jadi, kiasi kwamba wengi wamesahau kuwa lina asili nje ya uwanja. Utani ni uhusiano wa kijamii wenye haki na wajibu. Watani wana ruhusa ya kutaniana kwa maneno ambayo yakitoka kwa mtu mwingine yangekuwa matusi, na aliyetaniwa hana haki ya kukasirika. Lakini watani hao hao ndio wanaotarajiwa kufika mapema msibani, kufanya kazi ambazo wafiwa hawaziwezi, na kuwachekesha wenye huzuni. Mtani anayekebehi tu bila kusaidia hajautimiza utani wake.

Makabila mengi ya Tanzania yalijenga utani kutokana na ama safari za misafara ya biashara au vita vilivyokwisha. Wangoni ni mfano mzuri, na kwa bahati ni mfano unaovuka mpaka huu. Kiongozi wao Zwangendaba alifariki huko Ufipa, jirani kabisa na eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, katikati ya karne ya 19. Baada ya kifo chake watu wake waligawanyika: baadhi waliishia Songea, wengine wakamfuata Mpezeni hadi eneo la Chipata, mashariki mwa Zambia. Wangoni wa Songea wana watani kadhaa Tanzania. Wangoni wa Mpezeni, waliopigana na Wababemba, wamebaki na utani nao hadi leo, na nchini Zambia mzaha kati ya makabila hayo mawili husikika hata katika hotuba za viongozi. Shabiki wa Nakonde na shabiki wa Tunduma wanapokutana, wote wawili wametoka katika jamii zinazojua kwamba ugomvi wa zamani unaweza kugeuzwa kuwa kicheko bila kusahauliwa.

Mpira wa miguu umeupa utani huo chakula cha kutosha. Kwa upande wa Tanzania, hadithi huanzia Ndola, mwaka 1979. Nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kagera miezi michache tu kabla. Taifa Stars iliifunga Zambia bao 1-0 Dar es Salaam, kisha ikaenda Ndola kwa mchezo wa marudiano ikihitaji kuulinda ushindi huo. Peter Tino alifunga, mchezo ukaisha kwa sare ya 1-1, na Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Ilibidi kusubiri miaka 39, hadi fainali za Misri za mwaka 2019, kwa nchi kurudi kwenye mashindano hayo. Katika kipindi chote hicho jina la Tino lilikuwa jibu la shabiki wa Tanzania kwa kila kejeli iliyotoka ng'ambo.

Na kejeli hazikukosekana, kwa sababu Zambia iliendelea kuwa timu kubwa. Ilipoteza wachezaji 18 katika ajali ya ndege nje ya pwani ya Libreville, Gabon, tarehe 27 Aprili, 1993, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Afrika. Tarehe 12 Februari, 2012, mjini Libreville kwenyewe, ikatwaa ubingwa wa Afrika kwa penalti dhidi ya Côte d'Ivoire. Dhidi ya Tanzania, Chipolopolo, jina linalomaanisha risasi za shaba, ilishinda 4-2 katika nusu fainali ya Kombe la COSAFA mwaka 2017, ambako Tanzania ilikuwa timu mwalikwa, na 2-0 katika mashindano ya CHAN nchini Cameroon, Januari 2021. Wanawake wa Tanzania ndio waliopoza machungu mwaka huo wa 2021, walipoitoa Zambia kwa penalti kwenye nusu fainali ya COSAFA na kwenda kulichukua kombe.

Usiku wa San Pédro unastahili kuelezwa kwa kirefu. Kundi F la fainali hizo lilikuwa na Moroko, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia na Tanzania. Ukiiondoa Moroko, hizo ni nchi tatu za barabara moja: lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hukanyaga ardhi za zote. Tanzania ilikuwa imefungwa 3-0 na Moroko katika mchezo wa kwanza, na kocha wake Adel Amrouche alikuwa amesimamishwa, hivyo timu ikawa chini ya Hemed Suleiman. Dakika ya 11 Mbwana Samatta alimpasia Simon Msuva, naye akafunga. Kabla ya mapumziko Rodrick Kabwe wa Zambia alionyeshwa kadi nyekundu. Tanzania ilikuwa mbele kwa bao na kwa mtu mmoja zaidi, na haikuwa imewahi kushinda mchezo hata mmoja katika fainali hizo tangu 1980.

Dakika ya 88 Zambia ilipata kona. Aliyeipiga alikuwa Clatous Chama, kiungo ambaye wakati huo alikuwa mchezaji wa Simba, aliyepewa na mashabiki wa Tanzania jina la Mwamba wa Lusaka. Patson Daka akaruka, akapiga kichwa, ikawa 1-1. Mpira uliozima ndoto ya Taifa Stars ulitoka kwenye mguu ambao nusu ya wapenzi wa soka nchini walikuwa wameuimba kwa miaka. Ubaya wa sare hiyo ulionekana siku tatu baadaye, Tanzania ilipotoka 0-0 na Kongo. Kongo ilimaliza ya pili kwa pointi tatu tu. Ushindi dhidi ya Zambia ungeifikisha Tanzania pointi nne. Majirani wote wawili walirudi nyumbani na pointi mbili kila mmoja, Zambia ya tatu, Tanzania ya nne, wala hakuna aliyekuwa na la kujivunia.

Lakini utani una mipaka yake, na Januari hiyo iliionyesha. Zambia ilikuwa katikati ya mlipuko mkubwa wa kipindupindu. Uwanja wa Taifa wa Heroes, jijini Lusaka, uliopewa jina kwa heshima ya wachezaji waliofariki mwaka 1993, ulikuwa umegeuzwa kituo cha kuwatibu wagonjwa, na ufunguzi wa shule ulikuwa umeahirishwa. Mtani mwenye adabu hugusa kadi nyekundu ya Kabwe, hugusa umri wa mabeki, hugusa nywele za mlinda mlango. Hagusi wagonjwa. Hagusi pia ajali ya Gabon. Sheria hizi hazijaandikwa popote, na anayezivunja hupoteza haki ya kutania kwa muda mrefu.

Kisasi cha Tanzania kilikuja baada ya miezi mitano, na mahali palepale pa zamani. Tarehe 11 Juni, 2024, katika Uwanja wa Levy Mwanawasa, Ndola, Waziri Junior alifunga bao la mapema na Taifa Stars ikashinda 1-0 katika mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Miaka 45 baada ya Tino, Ndola ikarudi midomoni. Zambia nayo haikukaa kimya. Katika mchezo wa marudiano, tarehe 8 Oktoba, 2025 kwenye Uwanja wa New Amaan, Zanzibar, Fashion Sakala aliipa Chipolopolo ushindi wa 1-0. Hesabu ya kundi hilo la kufuzu ikabaki hivi: kila mmoja amemfunga mwenzake nyumbani kwake, kwa bao moja. Kwa wapenda utani hakuna matokeo bora kuliko hayo, kwani kila upande una la kusema na kila upande una la kunyamazia.

Jambo lingine linaloufanya ushabiki huu usiwe uadui ni klabu. Zambia imeipa ligi ya Tanzania wachezaji na makocha kwa miaka mingi. Patrick Phiri aliipa Simba ubingwa wa msimu wa 2009/10 bila kupoteza mchezo wa ligi. Obrey Chirwa na Kennedy Musonda waliivalia Yanga jezi ya kijani na njano, na Chama mwenyewe alihama Simba kwenda Yanga katikati ya mwaka 2024, jambo lililoleta kelele kuliko mechi nyingi za taifa. George Lwandamina aliifundisha Yanga, akarudi Zesco ya Ndola, na mwaka 2019 akaitoa Yanga hiyohiyo kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Katika kibanda umiza cha Tunduma, shabiki wa Simba anaweza kumpenda Mzambia wa timu yake Jumamosi na kumzomea Jumanne akiwa na jezi ya taifa lake. Wanasaikolojia wanaweza kulieleza hilo kwa namna yao. Mpakani halihitaji maelezo.

Ushabiki wa majirani wa namna hii uko kwingine duniani. Katika mchezo wa raga, England na Scotland wamegombea Kombe la Calcutta tangu mwaka 1879, na mashabiki wao huketi wamechanganyika jukwaani, bila uzio kati yao. Soka katika nchi nyingi limeshindwa kufanya hivyo. Tunduma na Nakonde haziwezi kuketi jukwaa moja kila mara, ila zinatumia soko moja, na pengine hilo lina nguvu zaidi. Mashabiki wakigombana usiku, kesho yake nani atauza kwa nani? Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kutokana na maambukizi ya UVIKO-19, wakazi wa pande zote mbili walionja maisha yasiyo na jirani. Malori yalipanga foleni na biashara ndogondogo zilisimama.

Kwa anayetaka kwenda kutazama mpira ng'ambo, utaratibu ni uleule wa siku zote: mpaka ni mpaka hata usiku wa mechi, na hati ya kusafiria hugongwa muhuri kituoni, si kwenye vichochoro. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Zambia ikifuzu, mashabiki wake watakaokuja kwa barabara au kwa reli watapita Tunduma kwanza, wakiwa na jezi zao za kijani, na watalazimika kusogeza saa zao mbele kwa saa moja kabla hata hawajatafuta chai.