Kizuri Chajiuza: Bei na Hali ya Vibonzo Vikuukuu vya Kiswahili

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii huonekana kama iliyotungwa makusudi kwa ajili ya soko la vibonzo vikuukuu. Mkusanyaji akiwekewa mezani nakala mbili za toleo moja la gazeti la Sani, moja ikiwa na jalada linalong'aa na ya pili ikiwa imepoteza kona, imekunjwa mara nne na kuandikwa jina la mtoto kwa kalamu ya wino, hatasita. Ataichukua ile ya kwanza, na kwa desturi ya soko ataitolea fedha nyingi zaidi. Makala haya yanaihoji desturi hiyo kwa kuichunguza kutoka mahali ambapo si kawaida kuitazamia: Asumbi, katika Kaunti ya Homa Bay, magharibi mwa Kenya. Linaloulizwa ni iwapo mkusanyaji wa vibonzo vya Kiswahili, awe ni mtu binafsi au maktaba ya chuo kikuu, ana sababu ya haki ya kulipa zaidi kwa nakala iliyo katika hali bora.

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la wachuuzi, si la wanafasihi. Lakini bei ndiyo huamua ni nakala zipi zitakazotunzwa na ni zipi zitakazoishia kufungia mandazi. Mhakiki wa kesho hatachambua isipokuwa kile ambacho mnunuzi wa leo alikubali kukilipia.

Desturi ilikotoka

Desturi ya kupima vibonzo kwa hali yake ilikomaa Marekani. Mwezi Juni 1938 toleo la kwanza la Action Comics, lililomleta Superman ulimwenguni, liliuzwa kwa senti 10. Watoto walilisoma, wakaazimana, wakalitupa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia karatasi kuukuu zilikusanywa nyumba kwa nyumba ili zitumiwe upya, na vibonzo vingi vikaenda na maji. Zilizosalia zikawa chache, na zilizosalia zikiwa safi zikawa chache zaidi. Mwaka 1970 Robert Overstreet alianza kutoa mwongozo wa bei uliozipanga nakala kulingana na uchakavu wao, na mwaka 2000 ikaanzishwa kampuni ya CGC, ambayo huzipa nakala alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha huzifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Nakala moja ya toleo hilo la 1938 yenye alama 9.0 ilinunuliwa mwaka 2014 kwa dola milioni 3.2. Mwaka 2024 nyingine, ya alama 8.5 tu, ilifikia dola milioni 6.

Katika soko kama hilo, tofauti ya nusu alama huweza kuwa tofauti ya nyumba nzima. Hata hivyo, upo upande wa pili wa habari hii ambao haupendwi kusimuliwa na wauzaji. Mwaka 1992 lilitoka toleo la 75 la Superman, ambamo shujaa huyo anauawa. Lilichapishwa kwa mamilioni ya nakala, na nyingi ziliuzwa ndani ya mfuko mweusi uliozibwa. Wanunuzi walizihifadhi bila kuzifungua, wakiamini kwamba zingewasomeshea watoto. Leo nakala hizo hupatikana kwa bei ya chini, kwa sababu ni safi zote. Ina maana kwamba kinacholipiwa hasa ni uhaba, na usafi huongeza bei pale tu ambapo zipo nakala za kutosha kiasi cha mnunuzi kuweza kuchagua. Ikumbukwe pia kuwa kibonzo kikishafungiwa kashani hakisomeki tena pasipo kulivunja kasha na kuipoteza alama yake. Kimekuwa hati ya fedha yenye picha juu yake.

Vibonzo vyetu havikuzaliwa hivyo

Sharti hilo la kuwapo nakala za kuchagulia ndilo linalokosekana katika Afrika Mashariki. Chukua mfano wa Juha Kalulu, mhusika wa Edward Gitau aliyeanza kuchekesha wasomaji wa Kiswahili nchini Kenya katika miaka ya 1950 na kudumu kwa miongo mingi katika kurasa za Taifa Leo. Juha Kalulu hakuwa kitabu. Alikuwa visanduku vichache ndani ya gazeti la siku, na gazeti la siku maisha yake ni siku moja. Hakuna jalada la kupimwa mng'ao wala uti wa kitabu wa kukaguliwa mikunjo. Aliyemhifadhi alimkata kwa wembe au mkasi na kumbandika daftarini kwa gundi au kwa uji wa unga. Kwa vipimo vya Marekani kipande hicho ni kitu kilichoharibiwa. Kwa mtafiti wa ucheshi wa Kiswahili, daftari lenye vipande mia moja vilivyopangwa kwa tarehe ni hazina ambayo haina mbadala.

Sani nalo, lililoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuwapa Watanzania akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Pimbi, lilichapishwa kwa karatasi duni katika nyakati za shida. Mmoja wa wachoraji walioujenga umaarufu wake, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, hivyo kazi zake za awali hazitaongezeka. Faraji Katalambulla, ambaye wanafunzi wa fasihi pendwa humjua zaidi kwa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alichapisha pia Film Tanzania, gazeti la hadithi zilizosimuliwa kwa picha za kamera. Ni wangapi kati ya wale wanaofundishwa riwaya yake wamewahi kulishika gazeti hilo mkononi? Nchini Kenya, Terry Hirst na Hilary Ng'weno walilianzisha Joe mwaka 1973, likafa mwaka 1979. Hilo lilikuwa la Kiingereza, nalo lilipata wahakiki mapema kuliko wenzake wa Kiswahili.

Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa ubao uliosagwa, nayo hubaki na asidi pamoja na lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu wake. Ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka manjano, kisha hudhurungi, kisha ikakatika vidoleni kama jani kavu. Kwa hiyo, hata nakala ambayo haikuguswa na mtu huchakaa yenyewe. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, na selotepu, ambayo wengi huitumia kwa nia njema, huacha doa lisilotoka.

Asumbi

Asumbi hujulikana kwa misheni yake ya Kikatoliki, kwa shule yake ya wasichana na kwa chuo chake cha ualimu. Ni mahali pa kusoma, tena pa kusoma kwa lugha ambayo si ya nyumbani, kwa kuwa lugha ya mama huko ni Dholuo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mwalimu aliyehitimu miaka hiyo alitakiwa kukifundisha Kiswahili kwa watoto ambao hawakukisikia jikoni wala kisimani. Alihitaji matini fupi, yenye mazungumzo, yenye kuchekesha, ambayo picha zake zingemsaidia msomaji pale msamiati unapomshinda. Kibonzo kilikuwa matini hiyo hasa, hata kama hakikuorodheshwa katika silabasi yoyote.

Na ichukuliwe kwamba mwalimu mstaafu wa eneo hilo analo sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake mna daftari la Juha Kalulu, nakala thelathini za Sani zilizovuka mpaka wa Sirari na Isebania mifukoni mwa wasafiri, na magazeti machache yaliyobanduliwa ukutani kabla nyumba ya udongo haijabomolewa. Mchwa wamekula kona. Mvua imepenya mara mbili. Majalada kadhaa yana majina matatu au manne, kila moja kwa mwandiko wake, kwa maana kila aliyeazima aliona ni halali yake kuandika. Pembeni mwa visanduku mna maneno ya Dholuo kwa penseli, yakifasiri neno gumu la Kiswahili cha Dar es Salaam. Mkusanyaji kutoka Nairobi akilifungua sanduku hilo na mizani yake ya Marekani mkononi, hatapata nakala hata moja ya kuzidi alama 3. Atatoa bei ya kuukuu, yaani bei iliyo karibu na ile ya magazeti yauzwayo kwa kilo, na mwalimu, ambaye si mjinga, ataona kwamba yule muuza mandazi wa sokoni ni mteja mwema zaidi, kwani habagui.

Ila sanduku hilo ndilo ambalo idara za Kiswahili zimekuwa zikilitafuta bila kujua. Nadharia ya upokezi, kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser nchini Ujerumani, hufundisha kwamba maana ya matini hukamilishwa na msomaji. Nadharia hii hutajwa katika tasnifu nyingi, lakini msomaji wenyewe huwa ni wa kubuniwa, kwa kuwa msomaji wa kawaida wa Kiswahili wa miaka ya 1980 hakuacha shajara wala barua kwa mhariri. Aliacha penseli pembeni mwa Ndumilakuwili. Neno alilolifasiri huonyesha pale alipokwama, na neno aliloliacha bila kulifasiri hudokeza kuwa alilielewa au alilipuuza. Majina manne juu ya jalada ni ushahidi kuwa nakala moja ilikuwa na wasomaji wasiopungua wanne, jambo ambalo hesabu za wachapishaji haziwezi kulionyesha. Nakala isiyo na doa, kinyume chake, yamkini ni nakala ambayo haikusomwa.

Wanafilolojia walikwisha kulielewa hili zamani katika uwanja jirani. Miswada ya tenzi iliyokusanywa na J. W. T. Allen, na ambayo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haikuchaguliwa kwa weupe wa karatasi. Hakuna mhakiki wa tenzi ambaye angeukataa mswada wa zamani kwa sababu mnakili aliandika jina lake na dua yake mwishoni. Heshima hiyo haijafika kwenye vibonzo, labda kwa sababu bado vinaonekana ni mambo ya watoto.

Hoja ya mtunzaji

Ipo hoja nzito ya upande wa pili, nayo isipuuzwe. Aliyehifadhi nakala yake ndani ya bahasha kwa miaka arubaini, akaiepusha na watoto, panya na moshi wa jikoni, amefanya kazi. Asipolipwa zaidi ya jirani yake aliyeitupa darini, ni nani atakayejishughulisha kutunza? Pia nakala iliyokosa ukurasa wa kati imekosa hadithi, na nakala isiyo na jalada mara nyingi imekosa namba na tarehe, bila ambayo mtafiti hawezi kuupanga mfululizo. Hasara hizi ni za kweli.

Jibu lake ni kwamba zipo hali mbili ambazo soko limezichanganya. Kuna ukamilifu wa matini, na kuna unadhifu wa kitu. Ukamilifu unastahili kulipiwa, tena sana: kurasa zote, namba ya toleo, tarehe, maneno yanayosomeka ndani ya kila puto. Unadhifu, yaani rangi isiyopauka, pini zisizo na kutu, kona kali, ni anasa ambayo mnunuzi ana uhuru wa kuilipia akiwa na nakala nyingi za kuchagua. Ndivyo ilivyo kwa Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 kwa Sheng na kugawiwa bure ndani ya gazeti na katika vibanda vya M-Pesa. Hilo lilichapwa kwa wingi sana, na mkusanyaji akitaka toleo safi kabisa, bado ana uwanja wa kutafuta. Kulipima toleo la Sani la miaka ya mwanzo kwa mizani hiyo hiyo ni kumdai maskini risiti ya vitu alivyoibiwa.

Tena bei ya unadhifu ina madhara yake. Muuzaji akishajua kwamba jina lililoandikwa juu ya jalada hupunguza bei, atalifuta. Kifutio kitapita juu ya Dholuo ya penseli. Kingo zilizochakaa zitakatwa kwa mkasi ili zinyooke, na pamoja nazo zitakwenda herufi za mwisho za mistari. Nakala itafika mjini ikiwa na sura ya kupendeza na ikiwa bubu.

Kwa maktaba ya chuo yenye bajeti ndogo, jambo hili lina matokeo katika utaratibu wa ununuzi. Mnunuzi aulize kwanza ni nani aliyekimiliki kibonzo na kilipita mikononi mwa nani, ayaandike majibu kwa penseli juu ya bahasha, wala si juu ya nakala yenyewe. Bei ipandishwe kwa alama za wasomaji, isishushwe. Na pale fedha zisipotosha kununua sanduku lote, zichukuliwe kwanza zile zilizochanika na zinazomeguka. Zile safi, ambazo mwenyewe amezitunza vyema kwa miaka yote hiyo, zinaweza kumngoja mnunuzi hadi mwaka ujao wa fedha. Zile nyingine huenda zisiione mvua inayofuata.