Kuchagua Nyaya za Mashua ya Tanga

Maji yashukayo kutoka milima ya Udzungwa na kupita katika mashamba yetu ya mpunga hapa Mbingu hayakai bondeni. Huingia mto Kilombero, na mto huo ukikutana na Luwegu jina lake hugeuka kuwa Rufiji; kisha hupita katika bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji mwezi wa Desemba mwaka 2022, na mwisho hutoka baharini kwa midomo mingi, kuelekea kisiwa cha Mafia. Basi mtu wa Mbingu asidhani kwamba mambo ya bahari hayamhusu hata kidogo. Wako vijana wa bonde hili waendao pwani kutafuta kazi, na yawezekana mmoja wao akawa fundi wa mashua.

Leo twataka kueleza jambo ambalo fundi wa namna hiyo hana budi kulijua, nalo ni jinsi ya kuchagua nyaya za kuunganishia vyombo vya umeme vinavyomwongoza nahodha katika mashua ya tanga. Hata yule asiyewahi kuiona bahari atapata faida, maana betri iliyomo katika mashua kwa kawaida ni ya volti 12, sawasawa na ile iliyo chini ya meza katika nyumba nyingi za huku kwetu, ijazwayo na paneli ya sola iliyo juu ya paa.

Zamani nahodha wa jahazi aliongozwa na dira, na nyota, na bildi ya kupimia kina, na kumbukumbu yake mwenyewe. Akitoka Dar es Salaam usiku kwenda Unguja aliutafuta mwanga wa mnara wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904. Mambo hayo hayakufa, wala hayafai kufa. Lakini siku hizi mashua nyingi za tanga, hasa zile za matembezi, zina vyombo vingine pamoja na hivyo. Kiko chombo cha GPS, kipokeacho mawimbi ya setilaiti zilizo juu ya dunia kwa kilomita 20,200 hivi, kikamwonyesha nahodha mahali alipo. (Sisi tukaao mahali paitwapo Mbingu hatuoni ajabu kupata habari kutoka juu.) Kiko chombo kipelekacho mlio chini ya maji na kungojea urudi, ndipo kionyeshe kina. Tena iko redio ya VHF, ambayo kwa chaneli yake ya 16 nahodha huita msaada akipatwa na shida.

Haya, natutazame taabu moja itokeayo mara nyingi. Nahodha yuko mbele ya midomo ya Rufiji, mahali ambapo mafungu ya mchanga huhamahama. Usiku umeingia na betri imefanya kazi tangu machweo. Redio yake inasikia vizuri, sauti za mashua nyingine zaja wazi kabisa. Sasa yeye mwenyewe ataka kusema. Anabonyeza kitufe, na mara kioo cha redio kinazimika. Anakiachia, kioo kinawaka tena. Anabonyeza tena, kinazimika tena. Akifika salama hudhani redio imekufa, hununua nyingine kwa fedha nyingi, na hiyo mpya nayo hufanya vilevile. Wala redio haina ugonjwa wowote! Ugonjwa umo katika waya.

Sababu yake ni hii. Redio ikisikiliza hutumia umeme mdogo, kwa kawaida chini ya nusu ya ampea moja. Ikisema kwa nguvu zake zote za wati 25, hutaka ampea 6 hivi. Kila mtu wa Mbingu aliyevuta maji kwa mpira kutoka kijito cha mlimani ajua jambo hili: mpira mwembamba na mrefu hutoa maji ya kutosha kikombe, lakini ukitaka kujaza pipa upesi huoni ila kijito chembamba kinachodondoka. Maji yako juu kama kawaida, lakini nguvu zao zimeishia njiani. Waya nao una ukaidi kama mpira ule. Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Georg Ohm, alieleza kanuni yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1827, na kipimo cha ukaidi huo huitwa omu kwa ajili ya jina lake. Kanuni ni nyepesi: zidisha ampea kwa omu, nawe utapata volti zinazopotea njiani.

Sasa tupige hesabu, na wanafunzi wachukue kalamu. Waya wa shaba nyekundu wenye unene wa milimita mraba 1 una ukaidi wa omu 0.0175 kwa kila mita. Tuseme redio iko mita 8 kutoka kwenye betri. Hapo wengi hukosea, kwa kuwa huhesabu mita 8 tu, nao umeme haukai ulikokwenda. Huenda kwa waya mwekundu na kurudi kwa waya mweusi, ndizo mita 16. Tena mita hizo hupimwa kwa kufuata njia ya waya yenyewe, inavyopanda na kushuka na kuzunguka mataruma ya mashua, wala si kwa kukisia kwa macho.

Fundi ametumia waya wa milimita mraba 1.5, ule tutumiao kwa taa za nyumbani. Zidisha 0.0175 kwa 16, ugawe kwa 1.5: utapata omu 0.187. Redio ikisema kwa ampea 6, volti zinazopotea ni 1.12. Betri iliyofanya kazi usiku huweza kubaki na volti 12.2, basi redio itapata volti 11.08. Lakini redio nyingi za aina hii hutengenezwa kwa volti 13.8, nazo huvumilia upungufu wa asilimia 15, yaani mpaka volti 11.7. Chini ya hapo hujizima. Ndiyo maana ilisikia na haikuweza kusema.

Mahali pale pale tuweke waya wa milimita mraba 6. Ukaidi hushuka mpaka omu 0.047, volti zinazopotea ni 0.28 tu, na redio hupata volti 11.92. Itasema. Waya wa milimita mraba 4 je? Redio itapata volti 11.78, imeponea chupuchupu, na kiungo kimoja tu kikishika kutu mambo yataharibika. Kanuni za mafundi wa mashua wa Marekani zasema kwamba kwa vyombo vya kuongozea njia na taa za usiku, upotevu usizidi asilimia 3. Kwa betri ya volti 12 ni volti 0.36. Sisi twaona kanuni hiyo ni ya haki. Gharama ya waya mnene ni ndogo kuliko gharama ya redio ya pili isiyohitajiwa.

Pengine fundi aliyezoea nyumba za mjini atacheka akisikia haya, akasema kwamba amefunga nyumba mia kwa waya wa 1.5 na hakuna aliyelalamika. Asema kweli. Lakini nyumba zile zina volti 230, na katika volti 230 mtu akipoteza volti moja hakuna atakayejua. Katika volti 12, volti moja ni sehemu ya kumi na mbili ya mali yote. Sisi wenyewe tuliwahi kujidanganya hivyo hapa Mbingu: tulipeleka waya mwembamba kutoka kwenye betri ya sola mpaka taa ya jikoni, mita 15 hivi, na kwa miezi mingi tukailaumu taa.

Unene pekee hautoshi. Yafaa kuujua pia mwili wa waya. Mashua haitulii hata ikiwa imetia nanga. Waya wa uzi mmoja mnene, kama ule upitao ndani ya kuta za nyumba, hukunjwa na kukunjuliwa kila wimbi mpaka ukatike ndani ya ganda lake, na mtu asione kitu kwa nje. Kwa hiyo katika mashua hutumiwa waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Na kwa kuwa chumvi huila shaba ikaifanya nyeusi na kijani, waya mwema wa baharini una nyuzi zilizopakwa bati moja moja, yaani madini yale yachimbwayo Kyerwa, mkoani Kagera.

Hapo kuna hila ya madukani ambayo ni lazima tuitaje. Ziko nyaya ziuzwazo kama shaba, kumbe ndani ni aluminiamu iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Ukaidi wake ni mkubwa zaidi, na baharini huoza upesi. Chukua kisu ukwangue uzi mmoja. Uzi ulio mwekundu nje na mweupe ndani, uache. Uzi ulio mweupe nje na mwekundu ndani ndio shaba iliyopakwa bati. Waya wa aluminiamu nao ni mwepesi mno mkononi, hata mtoto ataona tofauti akipewa vipande viwili vya urefu mmoja.

Viungo visiwekwe kamwe katika ngama, mahali maji machafu yakusanyikapo. Fyuzi nayo iwe karibu na betri, pungufu ya shibiri moja. Wengi huiweka karibu na redio wakidhani kazi yake ni kuilinda redio, lakini kazi yake kubwa ni kuulinda waya. Maana waya ukichubuka katikati na kugusana, moto utaanzia hapo, na fyuzi iliyo mbali mbele haitajua lolote.

Liko jambo jingine, nalo lahusu dira. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona kwamba sindano ya dira hugeuka waya wenye umeme ukiwa karibu. Wanafunzi waweza kuliona wenyewe kwa betri ya tochi na kipande cha waya, ila wagusishe kwa nukta moja tu, kwa kuwa waya hupata moto. Basi fikiri: nahodha ashika njia kwa dira, naye hajui kwamba kila awashapo taa dira humdanganya. Dawa yake ni kuziweka nyaya mbali, na zile zisizoweza kuwa mbali, kama za taa ya dira yenyewe, kuzisokota mbili pamoja kama kamba. Umeme uendao na umeme urudio huvutana kinyume, na nguvu zao juu ya sindano huuana.

Tumebakiza nyaya zichukuazo habari kutoka chombo kimoja hadi kingine, kama GPS inapoiambia redio mahali mashua ilipo. Hizi hazihitaji unene, kwa sababu umeme wake ni mdogo mno. Huhitaji kusokotwa na kuvikwa ala ya kuzuia makelele ya umeme, na ala hiyo iunganishwe upande mmoja tu. Katika utaratibu wa NMEA 0183, uliotoka mwaka 1983, msemaji ni mmoja na wengine husikiliza. Wasemaji wawili katika waya mmoja hawaelewani, kama vile baraza lisilo na mwenyekiti. Utaratibu mpya zaidi, NMEA 2000, ni kama mti: shina moja na matawi, kila tawi lisizidi mita 6, na kila ncha ya shina ina kizuio cha omu 120. Umeme ukiwa umezimwa, mita ikisoma omu 60 katika shina, vizuio vyote viwili vipo. Ikisoma 120, kimoja kimepotea au shina limekatika.

Kazi ikiisha, fundi apime volti penye betri na penye redio huku mwenzake akibonyeza kitufe cha kusemea. Tofauti ikiwa kubwa kuliko hesabu yake, aweke ncha za mita pande mbili za kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Kiungo kitakachoonyesha volti nyingi ndicho kibovu. Na kipimo hicho kifanywe kwa muda mfupi, katika chaneli iruhusiwayo kwa majaribio, wala si katika chaneli ya 16, kwa maana huenda wakati ule ule yuko mtu anayeomba msaada.