Magongo na Vitabu: Namna ya Kuchagua Chuo

Wachezaji wenzangu wa magongo wameniomba nieleze jinsi nilivyochagua chuo cha kuomba, maana wengi wetu tunataka kuendelea kucheza kwa ushindani bila ya kuharibu masomo. (Nasema magongo ya kuchezea, si gongo lile la kunywa, mzazi mmoja alikwisha kushtuka.)

Timu ya Tanzania ilifika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikafungwa na India 18 kwa 0 na kuwa ya sita katika timu sita. Kenya, kwa upande wake, ilikuwa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971. Kwa hiyo mwenye kutafuta ushindani hutazama Nairobi kwanza, nami nilifanya vivyo hivyo.

Huko Chuo Kikuu cha Strathmore kina timu ya wanaume, Gladiators, na ya wanawake, Scorpions. USIU nacho kina Spartans. Timu hizo zimecheza Ligi Kuu ya Kenya, si mchezo wa jioni wa kunyoosha viungo. Mwenye kutaka uhasibu, biashara au sheria na aombe Strathmore bila ya kusita. Lakini mimi nasoma Fizikia, Kemia na Bayolojia, nataka udaktari, nacho hakifundishi udaktari. Tena mikopo ya Bodi yetu kwa kawaida hupewa wanaosoma nchini. Nairobi ni mfuko wa baba.

Wengine hutaja Marekani. Huko hoki kwa watu wengi ni ile ya barafu, na magongo yetu vyuo hushindania rasmi kwa wasichana tu. Wavulana hucheza katika vilabu. Harvard na Princeton havitoi fedha kwa sababu ya mchezo, bali hutazama uwezo wa mzazi. Dada zetu wenye alama nzuri wasilipuuze jambo hili.

Kaka yangu alikwenda chuo kimoja, sitakitaja, kwa ajili ya timu tu. Mechi ya ugenini ikaangukia siku ya jaribio. Mwalimu wa timu alisema amekwisha kuomba ruhusa. Mwalimu wa somo akasema hana habari. Kaka akarudia somo, mwaka ukapotea, na mama akauza cherehani yake ili karo ipatikane.

Tangu hapo, swali langu la kwanza si kombe gani limechukuliwa, bali mechi huchezwa siku gani, na nani huandika ruhusa kwa barua. Uingereza mechi za vyuo huchezwa zaidi Jumatano alasiri, na vyuo vingi huacha saa hizo bila masomo. Swali la pili: wachezaji wa mwaka wa tatu ni wangapi? Timu yote ikiwa ya mwaka wa kwanza, ulizeni wenzao wamekwenda wapi.

Mimi nitaomba Muhimbili. Udaktari ni miaka 5, na mwisho wa juma nitatafuta nafasi katika klabu za mjini Dar es Salaam. Ushindani wake haufiki ule wa Nairobi, nalijua hilo. Baba amekubali, ila gongo langu amelifungia kabatini mpaka mtihani wa Mei utakapokwisha.