Kwanza Chemba, Halafu Matete

Kila Jumamosi asubuhi nafunua chemba iliyo nyuma ya jiko, natoa mafuta yaliyoganda na matambara. Kazi hii nimeifanya miaka 12 katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mgeni akija huniomba nimwonyeshe matete yanayosafisha majitaka yetu. Mimi humwanzisha hapa.

Matete yenyewe yameota kwenye kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 60, chini kimetandikwa plastiki nzito ili maji yasinywee ardhini. Wataalamu wanakiita ardhioevu bandia. Maji ya jikoni yakishapita chemba, pamoja na ya vyooni na bafuni, huingia kwenye tangi, tope likazama. Yanayobaki hupenya polepole katikati ya kokoto kwa siku kadhaa. Bakteria walioganda kwenye mawe na mizizi hula uchafu, na matete huwapelekea hewa kidogo. Maji hayatokezi juu, kwa hiyo mbu hawana pa kutagia.

Mjerumani Käthe Seidel alianza kujaribu mimea ya majini kwa kazi hii miaka ya 1950. Kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijenga ardhioevu ya majaribio, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000.

Mwaka mmoja tangi letu halikunyonywa kwa wakati. Tope likavuka likaziba kokoto, maji yakafurika juu, uvundo ukafika madarasani. Tulichota kokoto kwa koleo, tukaziosha karai kwa karai. Hapo ndipo nilipoelewa: kitanda hiki ni cha maji. Tope lina kitanda chake, nacho hupandwa matete. Tope humwagwa humo tabaka kwa tabaka, maji yakachujika chini, na mashina yakiyumba kwa upepo huacha upenyo. Baada ya miaka hugeuka kama udongo, lakini lisikimbizwe shambani, maana mayai ya minyoo huishi muda mrefu.

Maji yanayotoka kwetu ni maangavu, ila hayanyweki. Tunayapeleka kwenye migomba na miti. Mchicha una bomba lake.

Siku hizi wasichana wa zamu hunifuata Jumamosi. Wanataka kukimbilia matete. Nawapa koleo, nawaambia wafunue chemba.