Shati la vifungo kolani: nguo ya wasomi wa Marekani niliyoisaka Bujumbura

KIJANA wangu mkubwa alipotangaziwa siku ya kutetea tasnifu yake chuoni, alinijia jioni na ombi moja: koti, shati, tai, suruali na viatu. Yote hayo aliyaita ombi moja.

Ndugu msomaji, mshahara wa mwalimu unaufahamu, kwa hiyo sitapoteza wino kuueleza. Nilimwambia tutatafuta pamoja, ila kwa sharti. Nguo ziwe za mtindo ninaoujua tangu nilipokuwa mwanafunzi huko Ulyankulu, mkoani Tabora, nchini Tanzania: shati lenye vifungo kwenye ncha za kola, suruali ya kadeti, koti lisilojazwa mabega na viatu vya moka.

Akacheka. "Baba, hizo ni nguo za wakimbizi," alisema.

Neno hilo lilinichoma kwa sababu lina nusu ya ukweli. Nusu nyingine kijana hakuijua, na huenda hata wewe msomaji hukuijua.

Nguo za watoto wa matajiri

Wamarekani huuita mtindo huo Ivy. Jina limetokana na Ivy League, kundi la vyuo vikuu vinane vya kaskazini mashariki mwa nchi yao, vikiwamo Harvard, Yale na Princeton. Huko ndiko walikosoma watoto wa wenye mali, na mavazi yao yakawa kielelezo cha msomi.

Shati lenyewe lilianzia katika duka la Brooks Brothers la New York, lililofunguliwa mwaka 1818. Kampuni hiyo husimulia kwamba mwaka 1896 mjukuu wa mwanzilishi alikwenda Uingereza akatazama mchezo wa polo, akaona wachezaji wamezifunga kola zao kwa vifungo ili upepo usizipeperushe usoni farasi wanapokimbia. Akarudi na wazo hilo nyumbani.

Koti lao nalo lilikuwa na namna yake. Mabega yalifuata mabega ya mwenye nalo bila kujazwa pamba, kiuno hakikubanwa, vifungo mbele vilikuwa vitatu na mpasuo nyuma mmoja. Mwaka 1936 kampuni ya G. H. Bass ikatoa viatu vya moka vyenye mkanda wa ngozi juu ya mguu, na wanafunzi wakavipokea kwa mikono miwili.

Suruali za kaki zilienea vyuoni kwa njia nyingine. Mwaka 1944 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwasomesha askari waliotoka vitani. Wengi wao wakaingia darasani na suruali zao za jeshi, maana ndizo walizokuwa nazo.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba mmoja wa mafundi waliowavika vijana hao hakuwa mtoto wa tajiri wala mzaliwa wa hapo. Jacobi Press, aliyefungua duka la J. Press karibu na chuo cha Yale mwaka 1902, alikuwa mhamiaji kutoka Latvia.

Wala nguo hizo hazikubaki kwa wenyewe. Katika miaka ya 1950 mpiga tarumbeta Miles Davis alizivaa jukwaani, na kwenye jalada la santuri yake ya Milestones ya mwaka 1958 anaonekana na shati la kijani la vifungo kolani. Wamarekani weusi waliodai haki zao katika miaka iliyofuata walizivaa pia, na mwaka 2021 Jason Jules alitoa kitabu kizima kuhusu habari hiyo, Black Ivy.

Japani nako Kensuke Ishizu wa kampuni ya VAN aliwashonea vijana mavazi ya namna hiyo. Mwaka 1964, Tokyo ikijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki, polisi waliwakusanya vijana waliokuwa wakirandarandra na mavazi hayo katika mtaa wa Ginza, kwa kuwa wakubwa waliwaona wahuni. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha picha cha Take Ivy, na leo hata Wamarekani hukitazama ili wakumbuke babu zao walivyovaa.

Zilivyofika Ulyankulu

Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka huo. Wazazi wangu walifika hapo wakiwa na mkeka na sufuria, na mimi nikazaliwa huko mwaka 1979.

Katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilipolegeza masharti ya biashara, mitumba ilianza kuingia kwa wingi. Wakubwa waliiita "kafa Ulaya," wakiamini kila koti lilivuliwa maiti. Sisi watoto hatukujali, tulichotaka ni suruali isiyo na tundu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza katika sekondari alikuwa na mashati mawili tu, yote ya vifungo kolani, moja jeupe na jingine la samawati. Yalitoka kwenye marobota sokoni, lakini aliyafua na kuyapiga pasi ya mkaa mpaka tukadhani anapokea mshahara kutoka Ulaya.

Siku moja tulimuuliza kwa nini hanunui mashati ya maua kama walimu wengine. Akatujibu kwamba mtu mwenye mashati mawili hawezi kununua fasheni, kwa sababu fasheni itamwacha mwakani naye bado analivaa shati lile lile.

Mwaka 1999 nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu alinipa lile jeupe. Alisema nitalihitaji kuliko yeye.

Nililirudisha Burundi mwaka 2009. Wakati huo Warundi wa mwaka 1972 walipewa nafasi ya kuchagua. Zaidi ya 50,000 tulirudi, na zaidi ya 160,000 waliobaki walipewa uraia wa Tanzania. Kijana wangu alikuwa na umri wa miaka sita.

Kazi ya kwanza niliyoomba niliulizwa maswali kwa Kifaransa. Nilijibu kwa Kirundi cha kambini kilichochanganyika na Kiswahili, na wote waliokuwa mezani wakatazamana. Sikupata kazi ile. Nakumbuka tu kwamba nilipotoka niliigusa kola yangu, nikakuta bado imekaa sawa, nikaondoka nimenyooka. Miezi michache baadaye shule nyingine ilihitaji mwalimu wa Kiingereza, nikaenda na shati lile lile.

Madukani

Jumamosi tulianzia katikati ya jiji. Duka la kwanza lilikuwa na suti nyingi zinazong'aa kama mgongo wa ndagala, kitambaa chote polista, suruali zimebana mapaja. Kijana akapenda moja ya rangi ya bluu. Bei yake ilizidi nusu ya mshahara wangu.

Nilipouliza shati la vifungo kolani, muuzaji akanitazama kwa huruma. "Mzee, hayo ni ya zamani," alisema. "Siku hizi kola inasimama yenyewe."

Duka la tatu tulilipata, au tulidhani tumelipata. Nilipojaribu kufungua kifungo cha kola nikakuta hakifunguki. Kilikuwa kimeshonwa juu ya kitambaa kwa urembo tu, hakuna tundu chini yake. Kijana wangu akacheka tena, na safari hii nami nilicheka.

Mchana tukashuka Ruvumera. Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara walitawanyika katika masoko mengine ya jiji, na Ruvumera ni mojawapo ya mahali unapoweza kupekua mitumba hadi jua lizame.

Mitumba hiyo nusura itutoke. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa polepole ili viwanda vyetu vipumue. Wamarekani wanaoiuza walilalamika, Kenya ikajitoa, na Rwanda iliyoshikilia uamuzi wake ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani iliiadhibu kwa kuziondolea nguo zake nafasi ya kuingia huko bila ushuru.

Mimi sina ugomvi na wanaotaka viwanda. Lakini mwenye mshahara kama wangu hujifunza kupekua.

Kwa faida ya msomaji, hizi ndizo alama ninazotafuta. Kwanza shika kitambaa: pamba nzito, ukikisogeza karibu na macho unaona nyuzi zimepishana kama ukili wa mkeka. Pili tazama mgongoni, chini ya bega: pawe na mkunjo mpana, na mara nyingi kitanzi kidogo cha kutundikia. Tatu fungua vifungo vya kola, kisha vifunge: kola iwe ndefu kiasi cha kupinda kidogo kama tumbo la mashua, isilale bapa.

Kwa koti, weka mkono ndani ya bega. Ukikuta mto, fahamu kwamba fundi anaweza kuutoa ukiwa mdogo; ukiwa mkubwa, liache. Kwa suruali ya kadeti, geuza pindo la chini uone kama kuna kitambaa cha kuongezea. Na moka usizinunue kabla ya kuzikunja soli.

Kwa saa tatu tulipata koti moja la sufu la bluu iliyoiva, vifungo vitatu, mpasuo mmoja, na moka za kahawia zilizohitaji soli. Shati halikuwapo. Yaliyokuwa na vifungo kolani yalikuwa ya mikono mifupi, au ya mtu mwenye unene wa watu wawili.

Kwa fundi wa Buyenzi

Jioni nililichukua shati langu la Ulyankulu nikalipeleka Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kwa fundi mzee ninayemfahamu. Nilitaka alitumie kama mfano ashone jipya.

Akalitandika juu ya cherehani, akapitisha kidole kwenye ukunjo wa kola uliochanika nyuzi. Hakusema neno kwa muda.

"Mwalimu, kitambaa cha namna hii sitakipata sokoni," alisema mwishoni. "Lakini kwa nini nishone jingine? Kola ina nyuso mbili. Wewe umechakaza mmoja."

Akanieleza kazi ambayo alipokuwa kijana aliifanya kila wiki: unafumua kola shingoni, unaigeuza, unairudisha. Upande uliokuwa umejificha unakuja juu ukiwa mpya, na matundu ya vifungo yanabaki mahali pake. Siku hizi, alisema, hakuna anayeomba kugeuziwa kola, kwa sababu mashati yanayouzwa huchakaa mwili mzima kabla ya kola.

Kuhusu suruali, alikuwa na kaki ya pamba aliyoinunua kwa ajili ya sare. Kijana wangu alipoiona alishika kichwa. "Baba, hiyo ni sare ya darasa la pili!"

Ni kweli, msomaji, vizazi vya wavulana wa shule zetu za msingi vimevaa kaki. Fundi alimtazama, akamwambia kwamba kitambaa hakijui kimevaliwa na nani, mshono ndio unaojua. Kijana hakukubali. Mwishowe tulielewana: shati na koti vitakuwa vyangu, suruali itakuwa yake, ile ya kijivu aliyonayo inayombana.

Gharama ya kugeuza kola, kutoa mito ya koti na kupiga soli haikufika robo ya bei ya ile suti ya bluu.

Siku yenyewe

Tulikaa nyuma, mama yake na mimi. Kijana alisimama mbele ya walimu watatu akaeleza kazi yake kwa Kifaransa safi, lugha iliyoninyima mimi kazi ya kwanza. Walimuuliza maswali magumu, mengine sikuyaelewa. Alipokosea alisema amekosea, kisha akaendelea. Niligundua kwamba kila swali lilipomkaba mkono wake ulipanda kwenye kola, akaikuta imefungwa, akaushusha.

Alifaulu.

Nje, tukiwa na soda mkononi, mwenzake mmoja aliyevaa suti inayong'aa alimsogelea akalishika lile shati.

"Hili umelipata duka gani?" aliuliza.

Nilidhani atasema mjini, kijana wa leo lazima aseme mjini. Alinitazama kwanza.

"Ulyankulu," alisema. "Ni la mwalimu aliyemfundisha baba."

Yule mwenzake hakuijua Ulyankulu iko wapi, akauliza. Nikawaacha wakizungumza, mwanangu akimweleza kuhusu makazi ya Tabora, ambayo kwa miaka yote tuliyokaa hapa sikuwahi kumsikia akiyataja mbele ya mtu.

Shati limerudi sandukuni, limefuliwa. Mdogo wake yuko sekondari, na fundi amesema kitambaa bado kina nguvu.