Kalemie: Mteja akibadilisha namba, emaili yake hubaki

Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na hofu ikashuka hadi Uvira, watu walikimbia kila upande. Wengine walivuka mpaka kuingia Burundi, wengine wakapanda mashua kuja Kalemie kupitia ziwa. Kwa muuzaji wa jumla, hali ya namna hii ina hasara isiyoonekana haraka. Mteja akifika ng'ambo hununua kadi nyingine ya SIM, na namba ya zamani inanyamaza. Simu ya muuzaji nayo ikiibiwa, majina yote yanaenda nayo. Anwani ya emaili haina shida hiyo: mtu anaifungua akiwa Bujumbura, Kigoma au Lubumbashi, kwenye simu yoyote.

Hata hivyo, barua pepe si dawa ya kila biashara. Mama anayeuza samaki wabichi sokoni hana haja nayo, kwani mteja wake amesimama mbele yake, na WhatsApp inamtosha kwa wengine. Lakini anayesafirisha ndakala kavu na mikebuka kwa magunia, mwenye hoteli, mwenye duka la vifaa vya ofisi au mchapishaji, hao wana wateja wa aina nyingine. Mashirika ya kibinadamu na makampuni yenye ofisi Kalemie huomba pro forma na kutuma oda kwa emaili. Asiyeonekana kwenye sanduku lao la barua, hawamkumbuki siku ya kununua.

Kazi inaanza na daftari, kabla ya kompyuta. Ndani yake yaandikwe jina la mteja, emaili yake, anachonunua, na tarehe aliyokubali kuandikiwa. Majina 30 ya watu wanaonunua kweli yanazidi majina 3,000 yaliyookotwa kwenye mtandao. Hilo la kukubali si adabu tu. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Marekani iitwayo DEC, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 ambao hawakuliomba. Walikasirika sana, na hadi leo jina lake linatajwa kama la mtu wa kwanza kujaza takataka kwenye emaili za watu. Hapa Congo, sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ile ya Code du numérique, ina sehemu nzima ya kulinda data za watu, na ridhaa ya mwenye data ina uzito ndani yake.

Kwa kutuma, Gmail ya kawaida inatosha mwanzoni. Inaruhusu hadi watu 500 kwa siku. Kosa linaloumiza zaidi ni kuweka anwani zote kwenye mstari wa « À ». Kila mteja ataona majina ya wenzake, na barua ikimfikia mshindani, amepata orodha yako bure. Anwani ziwekwe kwenye « Cci ».

Orodha ikikua, kuna huduma kama Brevo ya Ufaransa na Mailchimp ya Marekani, ambazo zina ngazi ya bure ya kuanzia. Zinaonyesha nani amefungua barua, na zinaweka kiungo cha kujiondoa. Ila tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: anayetuma kwa wingi lazima athibitishe kwamba anwani ni yake kweli, la sivyo barua inaishia kwenye taka. Ndiyo maana inafaa kununua jina la mtandao la biashara, la .com au .cd. Kikwazo ni kwamba wauzaji wengi wa majina hayo wanataka kadi ya benki, na wafanyabiashara wengi hapa wanaishi na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Asiye na kadi atafute mtu anayemwamini, lakini jina liandikishwe kwa mwenye biashara, si kwa fundi.

Barua yenyewe iwe fupi. Mega ni ghali na umeme unakatika, kwa hiyo picha moja ndogo inatosha, au isiwepo kabisa. Kichwa kiseme habari: « Ndakala kavu zimefika, bei ya gunia hadi Jumamosi » kitafunguliwa kuliko « Salamu kwa wateja wetu wapendwa ». Kisha bei, kiasi kilichopo, siku boti au treni inapoondoka, na namba ya kupiga. Mara moja kwa mwezi inatosha, isipokuwa kuna jambo. Na jambo lipo: nchi zinazopakana na ziwa zilikubaliana kufunga uvuvi kwa miezi 3 kila mwaka ili samaki wazaane. Muuzaji anayewaandikia wateja wa Lubumbashi wiki 4 kabla ya ziwa kufungwa, akiwaambia ana magunia mangapi ghalani, anauza mapema, na mteja anajipanga.

Namba ya malipo isibadilishwe kwa emaili pekee. Matapeli huiga anwani ya muuzaji na kutuma namba yao. Barua ya kwanza kabisa iwaambie wateja kwamba wakipokea namba mpya ya M-Pesa, wapige simu kwanza, wasikie sauti wanayoijua, ndipo watume pesa.